Sura ya Mwisho Imekuwa Kola

Krich. Krich. Krich.

Alfajiri bado, hata jogoo wa jirani hajasafisha koo, na mkasi unakula karatasi katika chumba cha kushonea. Wiki iliyopita tulimwacha msichana wetu Sindano nyuma ya pazia la chumba hicho, miguu mitupu. Avute pazia, au arudi kulala ajifanye hakusikia?

Alivuta.

Shangazi yake alikuwa ameinama juu ya meza, pini midomoni, mkasi mkubwa mkononi. Mbele yake palikuwa na karatasi zilizobandikwa kwa gundi, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa ngumu kama ubao. Alikuwa akizikata kwa mviringo, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga.

"Shangazi, unakata nini?"

"Kola," Shangazi alijibu kupitia pini. "Mfano wake wa karatasi. Au usingizi umekusahaulisha kazi?"

"Karatasi umezitoa wapi?"

"Kwenye kikapu cha karatasi za vipimo. Kwani nyumba hii karatasi hukaa wapi?"

Sindano alikaa sakafuni pale pale.

Ndiyo yenyewe. Ilikuwa sehemu ya nne ya kile kitabu, sehemu ya mwisho, ambayo hakuna mtu wa chumba kile aliyekuwa ameisoma. Na aliyeificha kwenye kikapu, isisomwe kabla ya siku yake, ni yeye mwenyewe. Kuficha karatasi ndani ya kikapu cha vipimo, nyumbani kwa fundi cherehani, ni kumpa paka nyama akutunzie.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mambo yako hivi. Sindano anampenda Fundi Saa, kijana mpole mwenye kibanda cha kutengeneza saa mtaa wa pili. Fundi Saa alimzawadia kitabu cha mapenzi na vitisho, kilichotungwa na mtu anayejiita Msiri. Wanawake wa chumba cha kushonea walipokiona hawakuweza kusubiriana. Wakakifanya kama wanavyolifanya gauni la haraka: wakakikata vipande, kila mtu akachukua chake.

Dada Pasi, mpiga pasi wao, akapata mwanzo. Humo kuna muuguzi mzuri anayetishiwa kuuawa na mtu asiyemjua, na kuna fundi saa anayempenda, mtu mwema kuliko maziwa. Bibi Vifungo, mzee anayeshona vifungo, akapata sehemu ya pili. Sindano akabaki na ya nne. Shangazi akapata ya tatu, na ya tatu ndiyo iliyoleta balaa. Humo fundi saa wa kitabuni anapanda ngazi za nyuma amevaa glavu, na ufunguo ambao hakupewa na mtu.

Shangazi hakusoma kilichotangulia. Alisoma glavu na ufunguo, akafunga karatasi zake, akasema, "Mafundi saa ni watu wabaya."

Na leo, kabla ya adhuhuri, Fundi Saa wa kweli anakuja na mjomba wake kumwomba Sindano awe mkewe. Tegemeo la Sindano lilikuwa moja: wageni waingie, sehemu ya mwisho isomwe kwa sauti, muuaji awe mwingine, na fundi saa asafishwe mbele ya Shangazi.

Sasa sehemu ya mwisho ilikuwa kola.

"Vipande vilivyobaki viko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jikoni. Nimewashia moto wa birika."

"Na hii kola ni ya nani?"

Shangazi alitoa pini midomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo kabla ya kujibu.

"Yako. Lile gauni lako la buluu kola yake imechakaa."

"Lakini umesema utamkataa."

"Nitamkataa. Ila sitamkataa huku mwanangu amekaa pale na kola iliyochakaa. Watu waone kwamba tumekataa tukiwa tumevaa."

Sindano hakujua acheke au alie. Akafanya vyote viwili, akapata kwikwi. Shangazi akampa maji, akampiga mgongoni, akarudi kwenye mkasi wake.

Jua lilipopanda kidogo, Dada Pasi aliingia na sauti yake kubwa, na Bibi Vifungo akaingia nyuma yake na fimbo yake. Sindano aliwavuta pembeni, akawaonyesha kola.

"Mungu wangu," alisema Dada Pasi. "Umevaa mwisho wa hadithi."

"Sijavaa. Bado haijakatiwa kitambaa."

"Tubandue."

Walijaribu. Dada Pasi aliweka pasi ya moto juu yake ili gundi ilegee. Gundi ya Shangazi haikulegea. Gundi ile imeshika viatu vya mtaa mzima. Karatasi ya juu tu ndiyo iliyosomeka, na Dada Pasi akaisoma kwa kugeuza kola kama usukani:

"'Taa ikazimwa. Muuguzi akasikia nyayo zikipanda ngazi. Akashika kisu cha mkate. Mlango ukafunguka, na aliyesimama mlangoni alikuwa...'"

"Alikuwa nani?"

"Alikuwa mkasi wa Shangazi. Pameishia hapo."

Bibi Vifungo alikuwa ameziba masikio kwa viganja. "Mmemaliza? Msinimalizie utamu. Mimi nimefika pale muuguzi anapoletewa maua mara ya pili."

Bibi Vifungo macho yake yamechoka. Husoma ukurasa mmoja kwa siku, karibu na dirisha, akiusogeza uzi mweupe mstari hadi mstari ili asipotee. Hajawahi kusoma kitabu kizima maishani mwake. Hiki ndicho alichosema atakimaliza.

"Tuazime kingine mjini," Sindano alisema.

"Vimekwisha dukani," alisema Dada Pasi. "Niliuliza juzi. Muuzaji mwenyewe anatafuta cha kusoma."

"Basi tutamwambia Shangazi fundi saa ni mwema, mwisho umesema."

"Umesema wapi? Shangazi atataka kuuona ukurasa. Utamwonyesha shingo yako?"

Sindano alicheka bila kutaka. Dada Pasi naye akacheka, na Bibi Vifungo, aliyekuwa bado ameziba masikio, akacheka kwa sababu wenzake wanacheka. Ndivyo Shangazi alivyowakuta.

"Kazi inafanywa na meno?" aliuliza.

"Tunakijadili kitabu, Mama," alisema Dada Pasi. "Mimi nasema fundi saa hana hatia. Mtu anayembebea mgonjwa maji ghorofani hawezi kuua mtu."

"Anaweza. Anabeba maji kwanza ili ajue njia."

"Na yule daktari wa meno wa sura za mwanzo je? Mimi yule simpendi tangu anaingia. Anacheka sana."

"Anayecheka unamwona meno. Anayenyamaza humwoni kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Hapo Sindano alielewa kuwa shauri halikuwa kitabu peke yake. Fundi Saa ni mtu wa maneno machache. Tangu mama yake Sindano afariki, Shangazi amemlea peke yake, na hakuna kitu kilichomtisha kama kumkabidhi mtoto kwa mtu ambaye kilichomo ndani yake hakijulikani. Msiri alichofanya ni kuivalisha hofu hiyo glavu.

"Shangazi," Sindano alisema, "yule wa kitabuni ni wa kitabuni."

"Najua, mwanangu. Lakini aliyetunga ametoa wapi?"

Kabla Sindano hajapata jibu, hodi ilibishwa mlangoni.

Mapema mno. Gauni la buluu lilikuwa bado halina kola, Dada Pasi alikuwa na mkono mmoja ndani ya shati la mteja, na sakafu ilijaa nyuzi kama kichwa kilichonyolewa.

"Waingie," alisema Shangazi, akavuta kiti chake akakaa nyuma ya cherehani yake, mguu kwenye pedeli, kama hakimu.

Waliingia. Fundi Saa mbele, shati lake limepigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Nyuma yake mjomba wake, mwanamume wa makamo mwenye miwani na ndevu zilizochanwa vizuri, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Bibi," alisema kijana.

"Marahaba," walijibu wote wawili, Bibi kwa furaha, Shangazi kwa wajibu tu.

Fundi Saa alipoona kiti kimoja tu kimebaki, alimpa mjomba wake, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ndoo ikalia. Hakuna aliyecheka, na hilo liliwagharimu.

Kisha macho ya Mjomba yaliangukia mezani. Pale palikuwa na jalada la kile kitabu, limetenganishwa na mwili wake, na kando yake kola.

"Hiki," alisema Mjomba polepole, "kilikuwa kitabu?"

"Bado ni kitabu," alisema Dada Pasi. "Kimegawanywa tu. Mkono kwangu, kiwiliwili kwa Bibi, na kola ndiyo hiyo."

Mjomba aliiokota kola, akaishika kama mtu aliyepewa mtoto mwenye homa. Aliigeuza. Akasoma. 

"Hii ni sura ya mwisho," alisema.

"Ilikuwa," alisema Sindano. Alitamani sakafu immeze pamoja na nyuzi zake. Akamgeukia Fundi Saa. "Zawadi yako tumeikata. Nisamehe."

Fundi Saa alitazama vipande, akatazama kola, akamtazama yeye. Tabasamu lilianza kwenye jicho moja kabla ya kufika kwenye jingine.

"Mmekigawana watu wanne kwa wakati mmoja," alisema. "Mimi nilikisoma peke yangu. Nani amekifaidi zaidi?"

Dada Pasi alimpiga Sindano kiwiko. Shangazi akaona kiwiko.

"Kwa hiyo wewe umekisoma chote," alisema Shangazi.

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho."

"Vizuri sana." Shangazi aliegemea mbele. "Sitazunguka. Mimi kitabu kile kimeninyima raha. Mle ndani kuna mtu wa kazi kama yako, mpole kama wewe, mnyamavu kama wewe. Nimemwacha kwenye ngazi ameshika ufunguo usio wake. Niambie, ndiye au siye?"

Sindano alishusha pumzi. Mlango alioufunga kwa ujinga wake ulikuwa umefunguliwa na Shangazi mwenyewe. Kilichobaki ni neno moja. Sema siye, aliomba kimoyomoyo. Sema siye, twende zetu.

Fundi Saa alifungua mdomo. Halafu akasimama.

Alikuwa amemwona Bibi Vifungo. Bibi alikuwa dirishani na karatasi zake mapajani, uzi mweupe umelala katikati ya ukurasa. Mikono yake ilikuwa imeanza kupanda kuelekea masikioni, lakini kwa heshima ya mgeni ikaogopa kufika, ikabaki hewani karibu na mashavu.

"Bibi amefika wapi?" aliuliza Fundi Saa.

"Maua ya pili, mwanangu," alisema Bibi. "Lakini usinijali mimi. Semeni mambo yenu."

"Maua ya pili." Alitikisa kichwa, kama anayemwonea mtu wivu. "Basi, Mama, hapa siwezi kusema."

Pasi ilisikika ikipumua.

"Unajua ninachokuuliza?" alisema Shangazi.

"Najua."

"Na unajua jibu lako laweza kukusaidia."

"Najua hilo pia."

Mjomba alimsogezea mguu akamkanyaga. Fundi Saa alihamisha kiatu chake.

"Basi ninong'oneze," alisema Shangazi.

"Mama, samahani. Nikikunong'oneza, Bibi atausoma uso wako."

Dada Pasi aliguna kwa kicheko akakiziba kwa shati la mteja. Ilikuwa kweli tupu. Uso wa Shangazi haujawahi kutunza siri tangu uumbwe. Mteja akileta kitambaa kibaya hujua kabla hajaketi.

Shangazi aliuhisi uso wake, akaukunja ili ukae sawa, na hilo likazidisha. "Haya. Bibi Vifungo, tafadhali, toka nje kidogo, upunge hewa."

"Natoka," alisema Bibi. Alianza kukusanya karatasi zake, akapapasa fimbo, fimbo ikateleza. Fundi Saa alikuwa ameshaiokota. Hakumpa aende nayo. Aliiegemeza pale pale dirishani, karibu na mkono wake.

"Kaa, Bibi. Mwanga mzuri uko hapa." Kisha akamgeukia Shangazi, na kwa mtu wa maneno machache, alisema mengi. "Mama, sikuja kumtoa mtu kwenye kiti chake. Ukinikataa leo, nitarudi siku Bibi atakapomaliza, nikujibu. Mimi nina subira. Kazi yangu yote ni kusubiri nione kama kitu kinatembea."

Sindano alitaka kumrushia mto wa pini. Neno moja tu lilibaki, na kijana amelimeza kwa ajili ya kikongwe na maua yake ya pili. Halafu alimtazama Bibi, ambaye alikuwa ameketi tena, anautafuta mstari wake kwa ncha ya uzi, ameinama ili wasimwone anavyofurahi. Na Sindano akajikuta anampenda yule mtu, na hasira juu yake ipo vilevile.

Shangazi alianza kukanyaga pedeli bila kitambaa, sindano ya cherehani ikichoma hewa. Kila anayemjua alijua kwamba anafikiri.

Dada Pasi hakuweza kuvumilia. "Mimi kwa kweli," alisema, "siwalaumu hawa mafundi saa. Namlaumu huyu Msiri. Muuguzi gani anashika kisu cha mkate, na begi lake limejaa sindano za hospitali?"

"Kisu kilikuwa karibu," alisema Mjomba.

Wote walimtazama.

"Nasema, jikoni," alisema Mjomba. "Kwa kawaida. Kisu huwa karibu."

"Tena hajui wanawake," alisema Shangazi, bado anakanyaga. "Anamliza yule msichana sura nzima. Mwanamke mwenye kazi analia anapokosha vyombo, vyombo vikiisha na kilio kimeisha."

"Si sura nzima," alisema Mjomba, shingo imeanza kutoa jasho. "Ni nusu. Ilikuwa sura nzima, nikaipu..."

Akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa kama mtu anayetafuta njia ya kutokea dirishani.

Fundi Saa aliangalia dari. Dada Pasi alikuwa anamletea maji na hakusikia. Bibi alikuwa kwenye maua. Sindano alisikia. Na pedeli ya Shangazi ilisimama, kisha, baada ya muda mfupi, ikaendelea taratibu zaidi.

"Kijana," alisema Shangazi hatimaye, "mimi nilijiandaa kukukataa. Nimeamka kabla ya jogoo kwa ajili hiyo. Sasa sikiliza. Mtu mbaya akiulizwa hujitetea. Wewe umepewa nafasi ya kujitetea, ukauliza Bibi amefika wapi." Alichukua kola mezani, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Leo sikatai."

"Ni kusema unakubali?" aliuliza Dada Pasi.

"Nimesema sikatai. Usinishonee maneno. Kukubali nitakubali nikishajua yule kwenye ngazi ni nani. Nimeshaanza, siwezi kulala nikiwa nimemwacha pale."

Kwa Shangazi, sikatai ni nusu ya harusi. Dada Pasi alipiga vigelegele vidogo puani. Fundi Saa alikaa kwenye ndoo kwa nguvu mno, ndoo ikapasuka, na hapo hakuna aliyeweza kujizuia tena, hata Shangazi. Sindano alimvuta mkono kumwinua, na mkono haukuachwa haraka kama ulivyopaswa.

Chai ikanywewa, chai ya moto uliowashwa kwa mabaki ya sura ya mwisho. Mjomba alikunywa yake kama dawa. Wageni wakaaga. Bibi Vifungo akampa Fundi Saa kifungo kimoja cheusi kwa sababu shati lake lilipungukiwa, akasisitiza akishone mwenyewe, wima, hapo hapo mlangoni.

Wakati Bibi akishona, Shangazi alimsogelea Mjomba. Sindano alikuwa nyuma ya pazia tena. Wasomaji mtamsamehe, pazia lile lina mazoea naye.

"Bwana," alisema Shangazi, sauti ya chini ambayo Sindano hakuwahi kuisikia. "Kile kilio. Ulikipunguza kwa nini?"

Mjomba alishusha kofia yake, akaipandisha, akaishusha. "Niliona kinanitoa mimi mwenyewe machozi," alisema.

Hapo, jambo ambalo Sindano atalisimulia mpaka uzeeni na asiaminiwe, mkono wa Shangazi ulipanda wenyewe ukaweka kilemba sawa.

"Mwisho umeungua, na mwenye mwisho ni wewe," alisema. "Uje tena kesho, Msiri. Uje bila kijana."